Saa Isiyosema Ni ya Wapi

Wenzake hospitalini walimwita Fundi, kwa kuwa ndiye aliyeunda hifadhidata yote ya wagonjwa. Mkuu wa idara yao alikuwa mke wa kaka yake, na watu hawakuchoka kutania kwamba idara ile ina wifi mbili, moja imebandikwa darini na nyingine imekaa kitini. Fundi alicheka nao. Yeye mwenyewe ndiye aliyemleta wifi yake pale na kumfundisha kazi tangu alifu kwa kijiti.

Hospitali ilipofungua tawi katika nchi nyingine, magharibi, ambako saa ziko nyuma kwa saa mbili, Fundi aliona hatari. Safu ya muda wa dawa ilihifadhi saa tupu, bila kusema ni ya wapi. Muuguzi wa kule akiandika saa sita, wa huku ataisoma kama saa sita yake. Akamweleza wifi yake kwamba kila muda ugeuzwe kwanza kuwa wa saa ya pamoja ya dunia nzima, ndipo uhifadhiwe, kisha kila skrini iuonyeshe kwa saa ya mahali ilipo.

Wifi yake alikuwa amekwisha kuwaahidi wakurugenzi tarehe ya uzinduzi.

"Funika kombe mwanaharamu apite, wifi," alisema. "Tukishazindua tutarekebisha. Likitokea lolote, mimi niko mbele yako."

Fundi akaamini. Usipomwamini mke wa ndugu yako, utamwamini nani?

Uzinduzi ukapita, matengenezo yakapigwa kalenda. Ndipo dereva mmoja wa lori, mgonjwa wa moyo, akaletwa kwa ndege kutoka tawini. Muuguzi aliona kwenye skrini kwamba dozi ya mwisho ilitolewa saa sita mchana, akapiga hesabu, akampa nyingine. Kumbe saa sita ile ilikuwa ya kule. Huku ilikuwa saa nane. Dozi ya pili ikaikuta ya kwanza bado ina nguvu mwilini, moyo ukaanza kusuasua, akakimbizwa chumba cha mahututi.

Kesho yake kikaitwa kikao. Mkurugenzi akauliza kama kuna aliyeijua kasoro ile. Fundi alimtazama wifi yake, akingoja.

"Hakuna aliyenionya," wifi yake alisema kwa upole. "Hifadhidata ni kazi ya Fundi. Nilimwachia kwa kuwa ni ndugu."

Alimruka kimanga, mchana kweupe. Fundi alisema kwamba alimwonya, lakini siku ile walikuwa wawili tu, na wote mezani wakainamisha macho, wakimstahi kana kwamba yeye ndiye mwongo.

Alivuliwa cheo, akaambiwa arekebishe. Alirekebisha, maana wagonjwa hawakumkosea kitu. Kumbukumbu za zamani ndizo zilizomtesa: kila dozi ilibidi ajue iliandikiwa wapi ndipo ajue kama ya kusogeza au ya kuacha. Dereva alipona, akatoka kwa miguu yake.

Kisha kaka yake akampigia simu, akamsihi wayamalize kifamilia. Fundi akamuuliza kama mkewe amekiri kwamba alionywa. Kaka yake akasema ndiyo, mkewe alimwambia tangu siku ya kikao. Ila akikiri kazini atafukuzwa, na watoto watakula nini.

"Kwa hiyo ulijua," Fundi alisema, "na bado umenipigia ili ninyamaze."

Akakata simu. Mwezi ule ule aliacha kazi, akaajiriwa kwingine. Kwa kaka yake bado huenda, watoto wakiugua. Lakini hukaa karibu na mlango, na chai anayowekewa na wifi yake huiacha ipoe.