Barua Bila Nakala

Mstari wa buluu ulitambaa, ukatambaa, ukakaribia mwisho, ukasimama. Saimata akausogelea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. "Inahifadhi nakala kwenye Zilizotumwa," kompyuta ilisema, kama ilivyosema asubuhi yote. Halafu likachomoza lile dirisha dogo lisilo na haya: Imeshindikana. Jaribu tena?

"Jaribu mwenyewe!" akaifokea. Akabonyeza Ghairi, akaiandaa barua upya, akabonyeza Tuma.

Ndivyo alivyofundishwa siku ya kwanza ofisini: barua ya halmashauri isiyoacha nakala haijatumwa. Na mtandao wa kijiji kizima, yaani nyumba zote, shule, zahanati na duka, unashukia kwenye sahani moja ya setilaiti iliyoinama nyuma ya karakana. Siku ukichoka, unapita kama maji kwenye bomba lililoganda.

Ungechagua siku nyingine basi! Friza ya kijiji, lile banda la chuma ambamo kila nyumba imeweka nyama yake, ilizimika jana. Mota imekufa kabisa. Nje ni Julai, na huku karibu na ncha ya kaskazini jua halizami, nzi wameshajua. Mota mpya iko Ottawa, ndege ya wiki inakuja kesho, na gari la muuzaji linapeleka mizigo uwanja wa ndege leo saa tisa alasiri. Oda za simu hapokei. Ukimpigia, unapewa muziki mpaka salio linaisha.

Mlango ukapigwa teke. Shangazi Oolayou akaingia na buti zinazochuruzika.

"Mama! Bado tu?"

Mama ndiye Saimata, binti wa miaka ishirini na kitu. Alipozaliwa alipewa jina la marehemu mama yake Oolayou, basi kwa Oolayou yeye ni mama, hata kama ni yeye Oolayou aliyembadilisha nepi.

"Bado, mwanangu. Nakala haitaki kuingia."

"Kule kwenye friza maji yanadondoka darini. Ngozi ya nyangumi imelainika kama shavu la mtoto. Wewe unabembeleza nakala? Tutakula nakala?"

"Nakala ni muhimu!" Davidee, bosi, alijibu kutoka chumba cha ndani. "Mmesahau tulivyoagiza milango tukaletewa madirisha? Tungekuwa na nakala tungewarudishia!"

"Hatujasahau, Davidee. Si mpaka leo chooni kwako unaingilia dirishani?"

Saimata hakucheka. Mstari ulikuwa umesimama tena, palepale, na alitamani kuung'ata. Akainuka ghafla, kiti kikaanguka, akakimbilia chumba cha redio ya kijiji mwisho wa korido. Jutanie alikuwa hewani, anatangaza glavu moja ya kushoto iliyookotwa karibu na kanisa. Saimata akamnyang'anya kipaza sauti.

"Jamani, mimi Saimata wa ofisini. Naomba kila mtu azime mtandao. Simu, michezo, filamu, vyote. Barua ya mota haipiti. Nusu saa tu, nawaomba!"

Simu ya studio ikaita hapohapo, ikasikika hewani.

"Saimata, mpenzi, mume wangu yuko katikati ya mechi ya magongo. Nikimzimia atalia."

"Alie, dada. Machozi hayali mtandao."

Ikaita tena. "Mimi nimezima. Ila Elijah jirani yangu hajazima, namwona dirishani, uso wote buluu."

Ikaita tena, mtu anahema. "Elijah hapa! Nimezima, nimezima! Mwambie huyo mama aache kunichungulia!"

Jutanie alicheka mpaka akaegemea ukuta. Saimata alikuwa ameshafika kwenye meza yake. Akabonyeza Tuma. Na mstari ukakimbia, jamani, ukakimbia kama umefunguliwa kamba, Oolayou akapiga makofi, halafu kwenye ncha kabisa, ukucha mmoja tu umebaki, ukasimama.

"Aaah!" Saimata akapiga meza. "Nifanyeje sasa? Nitembee kwa miguu mpaka Ottawa?"

Lakini njia ilikuwa nyeupe, na barua zilizokwama huko nje zikaanza kuingia. Moja ilikuwa ya muuzaji. Akaisoma kwa sauti, na sauti ikazidi kupungua:

"Tangu asubuhi tumepokea oda yenu mara nyingi, kila mara mota moja. Mfumo wetu umeshuku hitilafu na kuzizuia zote. Tuandikieni barua moja tu kabla ya saa tisa, mseme mnataka mota ngapi."

Masikio yakamwaka moto.

"Zilikuwa zinafika," akasema. "Zote. Kila barua ilikuwa inaondoka papo hapo. Ni nakala iliyokuwa inabanwa mlangoni, na mimi kila nikiona mkia umebanwa, nazaa barua nyingine."

"Una uzazi mzuri, mama," Oolayou akasema.

Saimata akafungua mipangilio, akashuka, akashuka, akaipata ile tiki: Hifadhi nakala ya kila barua. Kidole kikasita juu yake. Diski ya kompyuta yenyewe ilijaa zamani, hata punje haiingii. Nakala isipokaa huko kwenye mtandao, haikai popote.

Davidee alikuwa ameshatoka chumbani. "Usiiguse hiyo. Wakituletea mota kumi, utawaonyesha nini?"

"Na wasipoleta hata moja, bosi, utakula nini?"

"Saimata, jina litakaloandikwa ni lako. Mimi simo."

"Haya, usiwemo."

Akaondoa tiki. Akaandika: Tunataka moja tu, futeni nyingine zote. Tuma.

Barua ikapotea. Hakuna mstari, hakuna dirisha. Akafungua Zilizotumwa: peupe.

"Imeenda?" Oolayou akauliza.

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, mwanangu! Haijaacha hata alama!" Saa ya ukutani ilikuwa inaisogelea tisa. Mkono wake ukaanza kutambaa wenyewe. "Labda niitume mara moja tena, kuhakikisha tu..."

Oolayou akakichomoa kipanya na waya wake, akakitupia nyuma ya bega, kikatua ndani ya kofia kubwa ya koti lake, alikowabebea watoto wake wote.

"Kimelala," akasema. "Ukikiamsha utakibembeleza wewe."

Jibu halikuja. Usiku ule mweupe watu waliihamisha nyama kwenye theluji ya mwisho iliyobaki nyuma ya kilima, wakaifunika kwa maturubai, wakawekeana zamu ya kufukuza mbwa. Hakuna aliyemlaumu Saimata, na hilo ndilo lililomkera zaidi.

Ndege iliposhuka, kijiji kilikuwa kimeshapanga pikipiki zake pembezoni mwa kiwanja, vumbi limetanda. Yakatoka maziwa. Zikatoka nepi. Kisha mpakiaji akaburuta boksi zito hadi mlangoni, jina la halmashauri limeandikwa ubavuni kwa wino mweusi, na watu wakapiga kelele mpaka mbwa wakajibu.

"Mama, imekuja!" Oolayou akamkumbatia kiunoni. "Imekuja!"

Saimata hakupiga makofi. Nyuma yake Davidee alikuwa anapumua kwa pua. Kule juu, kwenye giza la tumbo la ndege, mpakiaji alijifuta viganja kwenye suruali, akageuka, akainama tena, miguu ameipanua, kama mtu anayejiandaa kuinua kitu kizito kama lile boksi.