Ripoti ya Mzee Hesbon Kuhusu Jina Mia

Hesbon Mukhisa alikuwa amestaafu kazi ya ofisi ya elimu, ila kazi yenyewe ilikataa kumwacha. Bintiye Roselyne, aliyeolewa Kachibora, alipopiga simu kusema mtoto wao ataitwa Mia, mzee alisema amesikia, akakata simu. Alifungua faili.

Wiki nzima alitoka Myanga kila asubuhi kwenda saiba, duka la intaneti, Bungoma mjini, akimsumbua binti wa pale amtafutie neno hilo katika lugha za dunia. Alichokitafuta ni tusi. Lugha zilivyo nyingi, ingekosekanaje hata moja ambamo mia ni mwizi, au kamasi, au ugonjwa wa kuku? Alichopata kilimuudhi. Kwa Wagiriki mia ni moja. Kwetu sisi ni kumi mara kumi. Kwa Waitalia ni yangu. Kwa Wavietinamu, ukipandisha sauti kidogo, ni muwa, ule ule uliojaa shambani kwake.

"Wote wana adabu!" alilalamika, na bado akachapisha kurasa sita, zenye kichwa, nambari na sahihi.

Ukweli ni kwamba alitaka kitu kimoja tu: mjukuu aitwe Nekoye, jina la marehemu mkewe. Kwao Bukusu kumpa mtoto jina la aliyetangulia ni jambo la kila siku, angeomba tu. Lakini kuomba kulimtaka alitamke jina lenyewe, na hilo lilikuwa limemshinda kwa miaka mitatu. Kuandika ripoti kulikuwa rahisi zaidi.

Desturi ya wakwe zake aliijua pia. Huko kina mama huita majina ya waliotangulia, na mtoto akipiga chafya, basi jina limepatikana. Kwa hiyo siku ya kumpa mtoto jina, akipitia Kitale, Hesbon, mzee wa kanisa mzima, alinunua ugoro sokoni akaufungia kwenye ukurasa wa mwisho wa ripoti. Angeufungua puani pa mtoto atakapofika kwenye jina la Nekoye.

Sebuleni Kachibora, Jerono, mama mkwe wa Roselyne, aliita majina ya kwao mpaka akachoka. Mtoto alilala fofofo.

"Labda ni upande wenu," Jerono alisema. "Mkwe, si utusomee hiyo karatasi?"

Hesbon alisimama, akakohoa kama aliye mkutanoni, akasoma. Wagiriki wakapita, Wavietinamu wakapita. Akamsogelea mtoto hatua kwa hatua, kidole gumba kikiulegeza ukurasa wa mwisho.

"Mia, kwa Waitalia..."

Ukurasa wa mwisho ukafunguka kabla ya wakati wake. Ugoro ukatimka. Hesbon akapiga chafya, Jerono akapiga, na mtoto akamalizia, mara mbili.

"Mia!" kina mama wakapiga vigelegele. "Amekubali!"

"Hapana!" Hesbon alifoka. "Hiyo ni ugoro!"

Vigelegele vikakatika. Jerono aliokota karatasi, akainusa, akamtazama mkwe wake kutoka kofia hadi viatu.

"Mzee wa kanisa," alisema.

Hesbon aliona aibu hadi masikioni. "Sikutaka Mia," alisema. "Nilitaka..."

"Ulitaka nini, Baba?" Roselyne aliuliza.

"Ya mama yako."

Roselyne alimsogelea. "Sasa si ungesema, Baba? Tangu tumzike hujawahi itaja jina yake. Mtu akiitaja, wewe unatoka nje. Ndio tukatafuta jina fupi, jina haina mtu ndani. Tuliogopa kukuumiza."

Mzee alikaa kitini. Kurasa zake sita zilikuwa zimetapakaa sakafuni na hakuna aliyeziokota. Jerono alimchukua mtoto, akampakatisha babu yake.

"Ita mwenyewe," alimwambia. "Bila karatasi."

"Nekoye," Hesbon aliita, kwa sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala chumba cha pili. Mtoto hakupiga chafya, alipiga mwayo tu. Mzee akaita tena, kwa nguvu sasa, na machozi yakamtoka mbele ya wakwe, asijali.

Mara ya tatu Roselyne aliita pamoja naye. Hakuna aliyengoja chafya.