Aliita Mara Mbili

Eda ya Rasmiya iliisha Jumatano. Alhamisi mwanawe Nayif akapiga simu kutoka Amman kusema kwamba kesho wangekuja kula. Hakusema watakula nini, wala hakuwa na haja. Pale mjini kwao Salt familia ikikutana baada ya msiba inapikwa nyama ya kondoo kwa mchuzi wa jamidi, na atakayethubutu kuleta kuku ajiandae kusemwa mpaka wajukuu zake wasikie.

Rasmiya akatoa kabatini donge la jamidi, yale maziwa ya kondoo yanayogandishwa, yakatiwa chumvi na kuanikwa mpaka yakawa magumu kama jiwe. Akalivunja kwa mchi na kuliloweka. Miezi minne na siku kumi majirani walikuwa wakimletea chakula wakidhani hapiki kwa huzuni. Huzuni ilikuwapo, tena tele. Lakini lililomzuia kugusa sufuria lilikuwa jambo jingine, na hakuwa amemwambia mtu.

Ijumaa asubuhi walifika, na mkwewe Itaf, mke wa Nayif, aliingia jikoni akikunja mikono ya nguo.

"Nikusaidie kukoroga, mama?"

"Wewe? Wewe wa mchuzi wa pakiti?"

"Jamani, Amman nzima inapika wa pakiti."

"Ndiyo maana mmekonda wote. Kaanga hizo lozi, na ole wako uziunguze."

Itaf akacheka. Alifurahi kuona ulimi wa mkwewe umerudi.

Mchuzi wa jamidi una kiburi chake. Ukishauweka motoni unaukoroga upande mmoja tu, bila kupumzika, mpaka uchemke. Ukiuacha kabla ya hapo unakatika, maji yakawa mbali na mabonge mbali. Hivyo ndivyo mama wa mumewe alivyomfundisha Rasmiya alipoolewa, tena kwa kumpiga vidoleni: hata mgeni akibisha hodi, mwache abishe mpaka achoke. Kwa miaka thelathini na tisa mchuzi wake haukukatika hata siku moja. Mtaa mzima ulilijua hilo, na yeye alijua kwamba wanalijua.

Siku ile, miezi minne nyuma, alikuwa anakoroga hivihivi. Mufleh, mumewe, alikuwa amejilaza sebuleni.

"Mama Nayif!" akaita.

"Subiri, Baba Nayif, haujachemka!"

Kidogo akaita tena, kwa sauti ya chini zaidi. "Mama Nayif."

"Mwanaume wewe, unataka niuharibu? Njaa ya dakika kumi haiui mtu!"

Mchuzi ulichemka mweupe, laini, hauna hata chembe. Alipofuta mikono na kwenda sebuleni, Mufleh alikuwa ameuegemea mto wake, macho wazi, hana pumzi. Mchuzi huo waliula watu waliokuja kuzika, na wawili watatu wakausifu.

Sasa sufuria ilianza kupata moto. Rasmiya alizungusha mwiko, kulia, kulia, midomo ikimtembea kwa dua. Povu jembamba lilikuwa limeanza kujikusanya pembeni. Mara ikasikika sauti kutoka sebuleni, nzito, yenye mkwaruzo uleule wa Mufleh.

"Mama!"

Mwiko ulianguka sakafuni. Rasmiya alitoka mbio, akijigonga mlangoni, na Itaf akamfuata akidhani ameungua.

Nayif alikuwa amesimama mbele ya kabati.

"Mama, lile sinia kubwa mmeliweka wapi?"

Rasmiya akamshika uso, akamshika kifua. "Unaumwa wapi?"

"Siumwi, mama. Natafuta sinia."

"Si umeniita?"

"Nimekuita, ndiyo. Kwa ajili ya sinia."

Rasmiya akaketi kwenye mto wa Mufleh na kulia kwa sauti, kilio ambacho hata siku ya maziko hakukilia.

Waliporudi jikoni mchuzi ulikuwa umekatika. Itaf alitaka kuumwaga, akakatazwa. Rasmiya aliumimina vilevile juu ya wali na nyama, wakalizunguka sinia.

"Leo Mama Nayif kakatikiwa!" Nayif akatania, akitafuta cha kuchangamsha. "Fungeni madirisha, mtaa usisikie."

Rasmiya alilitazama tonge alilokuwa amelifinyanga mkononi.

"Baba yako aliniita," akasema. "Siku ile. Aliniita mara mbili, nikamwambia asubiri mchuzi."

Mkono wa Nayif ukasimama juu ya sinia.

"Mama, hata ungekwenda..."

"Pengine nisingemwokoa. Najua. Nimejiambia hivyo kila siku." Akalirudisha tonge. "Lakini wewe umeniita, nimekuja, nimejua unataka sinia. Yeye, mpaka leo, sijui alikuwa anataka nini."