Laini za Gregori

Kampuni ya simu ilikuwa inakimbiwa na wateja, na kila mtu katika ofisi ya Parramatta, jijini Sydney, alilijua hilo hata kabla wakubwa hawajalitamka. Kampuni kubwa zilikuwa na minara na majina, vikampuni vipya vilikuwa na bei ya kutupa, na yao ilikwama katikati ikiliwa huku na huku. Basi ikaletwa dawa, na dawa ikaitwa mageuzi ya kidijitali. Duka la mtaa wa Liverpool, ambako wahamiaji walizoea kuingia na simu zilizozima na watoto wa kuwatafsiria, lilifungwa. Kila kitu kikahamia kwenye app. Mashine ndiyo itakayojibu maswali, mashine ndiyo itakayomtambua mteja wa kweli na tapeli, gharama zitashuka, bei zitashuka, na wateja watarudi wenyewe. Hivyo ndivyo walivyoambiwa, na hakuna aliyekuwa na wazo bora zaidi.

Atupele alikuwa amezama ndani ya mageuzi hayo mpaka shingoni. Alikuwa mchambuzi wa takwimu, mwajiriwa wa mkataba, na kazi aliyopewa ilikuwa kutunga kanuni ya kuwanasa matapeli. Tapeli hununua laini nyingi kwa jina moja, akazitumia kuwaliza wazee wa watu. Kwa hiyo kanuni ya Atupele ilisema hivi: mtu mwenye laini zaidi ya tano atumiwe ujumbe ajithibitishe, na akikaa kimya, laini zake zote zikatwe. Aliijaribu, ikanasa vizuri, akajivunia. Tusimrukie haraka. Kanuni ilikuwa nzuri kwa watu aliokuwa nao kichwani alipoitunga, ila watu wake mwenyewe hawakuwemo.

Watu wake walipata laini kwa njia nyingine. Mgeni anatua Sydney hana leseni, hana bili yenye jina lake, na karatasi zake za ukimbizi zinakataliwa kila anapozipeleka. Jumapili ya kwanza anapelekwa kwenye ibada ya Kiswahili kule Toongabbie. Hapo Gregori anamuuliza kama amekula, kisha kama ana simu. Kesho yake mgeni ana laini, na laini imesajiliwa kwa jina la Gregori. Huyu Gregori alikuwa mzee wa kanisa, fundi bomba, mtu wa Tukuyu kama marehemu baba yake Atupele, na Atupele alimwita baba mdogo tangu siku alipompokea uwanja wa ndege. Hata laini yake ya kwanza Atupele ilikuwa ya jina la Gregori. Alishasahau, kama mtu anavyosahau nguo ya kuazima akishanunua yake.

Kati ya laini zote hizo, moja ilikuwa na heshima ya peke yake. Ilikuwa ya Mzee Fiacre, Mrundi aliyepanga makasha kwenye ghala la Seven Hills mpaka figo zake zilipogoma. Sasa alikuwa mtu wa mashine, akilazwa kitini mara tatu kwa wiki ili asafishwe damu. Jina lake lilikuwa kwenye foleni ya kupandikizwa figo, na madaktari hawakumficha kitu: damu yake ilikuwa ngumu kupatana na ya wengine, figo ya kumfaa ni ya nadra, huenda ikaja mara moja na isije tena. Ikija, watapiga simu. Wasipompata upesi watampigia anayefuata, maana figo haiwezi kungoja.

Tangu siku hiyo simu haikutoka shingoni mwa Mzee Fiacre. Akienda kuoga iliingia naye bafuni ndani ya mfuko wa plastiki. Kanisa zima lilijua sheria: namba ya Mzee Fiacre hupigi kumsalimia. Ukitaka kumjulia hali unampigia mkewe, Nibigira. Hata watoto, wale wanaosemeshwa Kiswahili wakajibu Kiingereza, walilishika hilo.

Jambo la pili lililoshikwa na kanisa zima lilihusu linki. Mwaka uliotangulia dada mmoja alibonyeza linki akaachwa hana kitu benki, na Atupele akaombwa aseme neno baada ya ibada, kwa kuwa yeye ndiye wa mambo hayo. Akasimama akawaambia kwamba kampuni ya simu haikutumii linki hata siku moja. Ukiiona, ni tapeli, ifute. Una wasiwasi, niulize mimi. Alisema kwa Kiswahili, akarudia kwa Kiingereza kwa ajili ya watoto, na watu wakapiga makofi. Wakati ule ilikuwa kweli tupu.

Mageuzi yalipokuja, ujumbe wa kujithibitisha uliandikwa na watu wa masoko, ghorofa ya juu, na wakatia linki ndani yake kwa sababu linki ni rahisi na haihitaji mtu wa kupokea simu. Atupele hakuusoma. Kwenye mpango wake alikuwa ameandika tu kwamba mteja ajulishwe, akaendelea na hesabu zake.

Siku ya kuzindua mfumo, chumba kilijaa. Clifford, Mkenya aliyekuwa mkuu wa mradi, alikuwa anawaonyesha wakubwa mambo ukutani. Alikuwa mtu mwema, ila aliishi na hofu ya kuonekana anawapendelea Waafrika, kwa hiyo Atupele alikuwa akijituma mara mbili ili asimtie aibu. Katikati ya shughuli simu yake ikawaka chini ya meza. Gregori alikuwa amempigia picha ujumbe na kumuuliza: mwanangu, hawa wanasema ni kampuni yenu, nibonyeze? Atupele aliitupia picha jicho moja. Herufi kubwa tupu, vitisho vya kukatiwa huduma, linki ndefu. Ulifanana na kila ujumbe wa kitapeli aliowahi kuuona. Clifford alikuwa anamwita mbele.

Akaandika kwa kidole gumba, huku ananyanyuka: "Usibonyeze, baba mdogo. Matapeli hao. Futa."

Gregori akafuta. Na kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa mwenye kujali watu wake, akawapigia wengine mmoja mmoja kuwaambia wao nao wakiona kitu kama hicho wafute.

Wiki haikuisha, mfumo ukazikata laini za waliokaa kimya. Ofisini ilikuwa sherehe. Keki ililetwa, mchoro wa laini zilizonaswa ukapanda ukutani, na Clifford akamshika Atupele bega.

"Atu, hii rule yako ni noma," alisema. "Scammers wote tumewablock in one go. Board wamekubali, contract yako inakuwa permanent."

Atupele alitoka kazini amejaa furaha. Mtu wa kwanza aliyetaka kumwambia alikuwa baba mdogo. Akapiga akiwa anasubiri treni, akajibiwa kwamba namba haitumiki. Akampigia Nibigira, ikawa vilevile. Hapo akatafuta benchi akakaa. Aliyajua maneno yale ya mashine. Wanaoambiwa hivyo ni wanaopiga namba zilizokatwa kwa utapeli, na aliyeamua iwe hivyo ni yeye.

Alirudi ofisini mbio. Alilifungua jina la Gregori kwenye mfumo, akaikuta picha ya leseni yake, anatabasamu, na pembeni yake alama nyekundu ya tapeli. Chini yake zimepangwa laini za nusu ya kanisa, zote zimekufa tangu asubuhi. Clifford alikuwa bado yupo. Alisikiliza, akakuna kichwa, akaidhinisha zirudishwe, akaomba tu jambo hili lisifike kwa board. Kabla giza halijaingia laini zote zilikuwa hewani. Atupele akapumua, akajiambia kwamba ni siku moja tu, ni nani atakuwa ameumia.

Hospitali ilikuwa imepiga mchana uleule. Walipiga namba ya Mzee Fiacre, wakapiga ya Nibigira, wakapiga ya Gregori aliyeandikwa kama ndugu. Zote tatu zilikuwa za jina moja. Figo ikaenda kwa anayefuata. Mzee Fiacre aliambiwa na muuguzi alipokwenda kusafishwa damu, na kwa jinsi muuguzi yule alivyozungumza taratibu, alielewa kwamba hawategemei kumpigia tena.

Habari zikamfikia Atupele, na Jumamosi akaenda Liverpool kumwona. Njia nzima alikuwa anayapanga maneno: kanuni ni yangu, na aliyesema msibonyeze ni mimi. Aliyasema kimoyomoyo mpaka yakanyooka. Alimkuta mzee kwenye kochi, miguu imevimba, blanketi magotini. Gregori alikuwa ameketi karibu naye, kofia mkononi. Atupele aliwaamkia, wakamwitikia wote wawili, akakaa. Kabla hajafungua kinywa, Gregori akasema.

"Mzee, ule ujumbe uliletwa kwangu. Niliupuuza. Kosa ni langu, sina wa kumsingizia."

Hakumtazama Atupele. Hapo ndipo Atupele alipojua kwamba baba mdogo alikuwa ameshapiga hesabu zake, kwamba alikuja mapema makusudi ili awahi kulibeba yeye. Aliona aibu. Angeweza kukanusha palepale, sekunde ileile, na mambo yangekuwa mengine.

Mzee Fiacre akanyoosha mkono akamgusa Gregori goti.

"Pas grave, frère, si kitu ndugu yangu," alisema. "Ulitutendea mingi. Lakini mara ingine, ujumbe ikikuja, uulize kwanza huyu mtoto wetu Atupele. Yeye anatumika kule kwenye kampuni. Angekwambia ukweli."

Gregori aliinamisha macho kwenye kofia yake.

"Nitamuuliza," alisema.

Nibigira akatoka jikoni na chai. Akamwekea Atupele kikombe mkononi, akakifunika kwa viganja vyake vyote viwili, akamshukuru kwa kuwahangaikia mpaka laini zikarudi. Atupele akasema asante, akanywa.