Kompyuta Iliyopiga Hodi Uani

Mzee Malimi alimuuza Mabula ili binti yake Hellena anunue kompyuta, na siku aliyopanga kuja kuiona ndiyo siku kompyuta ilipogoma.

Mabula alikuwa fahali mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji, na wafugaji wenzake walimcheka Malimi mchana kweupe. Fahali wa mbegu kwa sanduku la bati! Yeye aliwajibu kwamba Hellena ana akili, na kwamba sanduku likifanya kazi, hata mdogo wake Debora atasomea mambo hayo badala ya kuozwa. Lisipofanya kazi je? Debora hakuhitaji kuambiwa.

Sasa Hellena alikuwa ameketi kwenye chumba alichopanga mtaani Milanzi, mbele ya skrini nyeusi tii, na Debora nyuma yake anatafuna kucha. Kila akiwasha, mashine inanguruma, neno moja mawili yanatokea juu, kisha giza. Mstari wa kuandikia jina ili mtu aingie, hauonekani.

"Labda hii Linux yako imekonda mno," alisema Steven, kijana kutoka kijiji cha Kate aliyesoma naye kozi ya kompyuta Mbeya, akimaanisha programu inayoiendesha mashine. "Umeipunguza mpaka umeitoa roho."

"Mashine yenyewe kuukuu, Steve. Ningeibebesha mzigo wote ingepiga magoti. Halafu wiki jana si tulikuwa tunaingia vizuri tu?"

Walibadilisha waya wa umeme. Walifungua sanduku wakapuliza vumbi. Steven akalipiga kofi ubavuni, akatazamwa kwa jicho baya. Hellena alikuwa anaogopa, tena anaogopa hasa, na kila mara aligeuka kutazama mlango wa mbele uliofagiliwa kwa ajili ya baba.

"Hodi! Jamani, nyumba hii ina watu?"

Sauti ilitoka uani. Debora akakimbia kufungua mlango wa jikoni, na pale alisimama Mzee Malimi na fimbo yake, mabuti yamejaa tope hadi magotini.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba wanangu. Nimepiga hodi mpaka koo limekauka! Ningepitaje mbele na tope hili, niwachafulie saruji? Mtu wa ng'ombe huingilia uani."

Hellena aliduwaa. "Steve, wiki jana tulikuwa tunaingilia wapi?"

"Kwa waya, kupitia kompyuta yangu. Si skrini ilikuwa bado..." Steven akashika kichwa.

Skrini! Mashine ilikuja na lori la kwanza kutoka Tunduma, skrini ikabaki kwenye lori lililokwama kwenye matope ya Laela. Hellena hana subira, mwacheni alivyo. Aliiunganisha mashine na kompyuta ya Steven kwa waya uliochomekwa nyuma, akapakia Linux hivyo hivyo, akaiamuru ipeleke maneno yake yote kwenye waya ule. Skrini ilipofika akaichomeka kwa shangwe, akasahau kutengua amri. Tangu asubuhi mashine ilikuwa inabisha hodi nyuma, nao wamekodolea macho mbele.

"Karibu ndani baba, na tope lako lote!"

Kompyuta ya Steven bado ilikuwa pembeni, imefunikwa kanga. Wakachomeka waya, na mstari ule waliokuwa wakiusubiri ukajitokeza kule, mzima kabisa. Hellena alicheka huku machozi yanamtoka. Akaingia, akarekebisha amri ili maneno yaje kwenye skrini, akazima na kuwasha tena. Maandishi yakaanza kumiminika kwenye skrini mpya, mstari juu ya mstari, kisha yakatulia.

Mzee Malimi, aliyejifunza kusoma ukubwani, akasogea na kuweka kidole kwenye neno la kwanza la mstari wa mwisho.

"Ma... bu... la." Akamgeukia binti yake. "Mabula?"

"Kila mashine hupewa jina, baba. Hii nisingeipa jingine."

Mzee alivua kofia, akaipangusa skrini vumbi kwa kiganja, taratibu, kama alivyozoea kumpangusa yule mwingine kwenye paji.

"Debora," alisema bila kugeuka, "kesho maziwa watakamua wengine. Wewe utabaki huku kumchunga Mabula."