Ndimu ya Ojakol

Mume wangu Ojakol alilima bangi, na mimi nilikuwa Mkatoliki wa benchi la mbele. Hebu fikiria hiyo nyumba! Nyuma ya mtama wetu hapa Malaba alikuwa na miche michache tu, na kila mmoja aliujua kama mtoto wake. Majani membamba, vifundo vya shina vya zambarau, maua yenye utomvu wa kunata vidoleni hata ukisugua kwa jivu. Lakini sifa yake kubwa ilikuwa harufu. Ukipikicha ua kidogo tu, ndimu! Ndimu mbichi iliyokatwa sasa hivi. Na nyuma yake, yeye aliapa, ganda la chungwa.

Kila msimu aliniletea vidole puani. "Mama Asio, nusa."

"Sabuni," nilimjibu. "Sabuni ya kufulia."

Aki nilijua ni ndimu, nyumba nzima ilinukia. Lakini nikubali vipi, na Jumapili nimepiga magoti mbele ya padri? Ojakol alicheka tu, akarudi shambani. Alitaka niseme hata mara moja, na mimi kichwa ngumu, nikamnyima.

Madereva wa malori waliipenda kufa. Walisema bangi nyingine inakulaza kwenye usukani, hii inakufanya upige porojo na kucheka mpaka foleni ya mpakani iishe, na moshi wake haukwaruzi koo. Tena waliamini inatoka Uganda. Okedi, aliyeichukua kwetu na kuwauzia, aliwaambia hivyo ili kumficha Ojakol. Basi watu walikuwa wanamsimulia mwenyewe, usoni kabisa: "Mzee, umewahi kusikia ile ya ndimu ya Uganda?" Maskini, alitabasamu kwa meno tu.

Mwaka wa sabini na sita polisi wakakuta furushi kwenye lori ambalo dereva wake alikimbia. Chifu akaita baraza sokoni, akalifungua mbele yetu. Harufu ikatufikia mpaka nyuma tulikoketi.

"Hii ni ya Uganda," chifu akasema. "Hapa kwetu hakuna mtu wa kulima kitu kama hiki."

Nikashukuru Mungu kimoyomoyo. Tumepona! Kisha chifu akanusa tena, akakunja pua. "Na nadhani wameipaka sabuni."

Sabuni! Neno langu mwenyewe. Nilimshika Ojakol shati, nikachelewa.

"Sabuni gani?" Alikuwa ameshasimama. "Chifu, hiyo ni harufu yake ya kuzaliwa! Miaka yote mtu anachagua mbegu, halafu..."

Askari wawili wakageuka kumtazama. Nikaona jela ile pale, mlango wazi. Nikaruka mbele, nikacheka kwa nguvu.

"Msamehe, chifu! Yuko kwenye chungu cha pombe tangu asubuhi. Huyu alime nini? Hata sukuma wiki inamshinda!"

Baraza zima likaangua kicheko, askari nao wakacheka. Ojakol aliniangalia, akaketi polepole.

Nyumbani nilimwekea chakula, akanipa mgongo. "Sukuma wiki," alisema. Niliumia, wacha tu. Nilikuwa nimemwokoa na nimemvunja kwa mdomo mmoja.

Nikatoka, nikapita kwenye mtama mpaka kwenye miche yake, mahali ambapo sikuwa nimekanyaga tangu anioe. Nikavunja ua moja, nikarudi, nikalipikicha mbele yake na kunusa kwa pumzi yote.

"Baba Asio," nikamwambia, "ni ndimu. Ndimu tupu. Na hakuna mwingine, huku wala Uganda, anayeiweza."

Kisha akageuza kichwa kidogo.

"Na ganda la chungwa?"

Nikanusa tena, machozi yananitoka. "Na ganda la chungwa."

Akavuta sahani.