Maneno ya Fundi Akiwa Peke Yake

Insha ilirudi na alama kumi na moja juu ya ishirini, na pembeni, kwa wino mwekundu, swali ambalo darasa zima lilikuwa limelizoea: "Ushahidi uko wapi?" Kwa sababu ya swali hilo wanafunzi walimwita mwalimu wao wa fasihi Mwalimu Ushahidi. Mwenyewe alijua wanamwita hivyo, na wala hakujali.

Binti aliyerudishiwa insha hiyo, nyumbani walimwita Karani. Jina lilimganda tangu utotoni, maana hapakutokea jambo ndani ya nyumba ile, liwe kubwa au dogo, asiliandike kwenye daftari. Sasa alikuwa na miaka kumi na tisa, mwaka wa mwisho wa sekondari, na alama kumi na moja hakuzizoea. Wenzake walisoma riwaya ili wajue nani ataolewa na nani. Yeye alisoma na penseli mkononi, akisaka mahali mwandishi alipoficha mkono wake. Akikuta dokezo ukurasa wa kumi, aliandamana nalo hadi ukurasa wa mia mbili aone limezaa nini.

Aliyemponza safari hii ni malkia. Katika tamthilia ya zamani waliyopangiwa, malkia mjane anatawala kwa niaba ya mwanawe mchanga. Onyesho la tatu anawatoa watumishi wote, anabaki peke yake jukwaani, kisha anazungumza kurasa mbili nzima bila kujibiwa na mtu. Anasema anaogopa. Anasema kiti alichokalia kinamchoma, na hajui tena nani rafiki na nani anangoja ateleze. Karani aliandika kwamba mbinu hiyo ya uzungumzi nafsia ni udhaifu wa waandishi wa kale. "Hakuna binadamu mwenye akili timamu," aliandika, "anayesimama katikati ya chumba na kujieleza kwa sauti. Mwandishi ameshindwa kutuonyesha moyo wa malkia kwa vitendo, basi anamlazimisha autapike."

Alibaki nyuma darasani kudai alama zake.

"Umesema hakuna binadamu," mwalimu alisema huku akifuta ubao. "Umewachunguza wangapi?"

"Naishi na watu, mwalimu."

"Wangapi?"

Karani akasita. "Mama."

"Basi anza na huyo. Insha niletee upya Ijumaa."

Alisema nusu mzaha, lakini Karani hakuwa mtu wa kuacha kazi ya mzaha ipite bila kuifanya.

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, ndicho kilichokuwa karakana: cherehani cha miguu, bobini zake za kuzungushia uzi, meza ya kukatia, pasi, na kamba iliyotundikwa sare za shule zilizokwisha na zinazongoja vifungo. Alikuwa mcheshi. Wateja walikuja kuchukua sketi wakakaa saa nzima wakicheka. Kila asubuhi, kabla Karani hajatoka, mama alimwomba amtungie uzi kwenye sindano kumi, azichomeke kwenye kimto kidogo cha sifongo. "Nisipoteze muda," alisema. Na jioni, insha ikiwa tayari, hakuisoma tena mwenyewe kama zamani. "Nisomee wewe. Sauti yako inanipumzisha." Karani alifurahi kusikia hivyo, akasoma kwa madaha.

Jumatano walimu walikuwa na kikao na masomo ya mchana yakafutwa. Karani alirudi mapema, akapitia mlango wa nyuma, akajimiminia maji jikoni. Alisikia sauti ya mama kutoka mbele, akadhani kuna mteja. Akasikiliza. Mteja hakuwepo.

"Shuka hapo, sindano. Shuka, nakwambia. Jana ulikuwa na tundu, leo umelipeleka wapi?"

Karani alitabasamu. Huo hapo ushahidi, tena bila kuusaka. Akachomoa daftari taratibu, akaegemea ukuta wa ukumbi, akaanza kuandika neno kwa neno.

"Na wewe uzi, ni rangi gani? Nyeusi. Hapana, buluu." Mlio wa mkasi ukiwekwa mezani. "Kama ni nyeusi nimeshaharibu tatu."

Penseli ikapungua mwendo.

"Daktari alisema nisikawie zaidi ya miezi miwili. Haya, miwili hiyo imekwisha. Na mtihani wa mtoto bado wiki saba. Nikimwambia ataweka vitabu chini aje anishike mkono, namjua yule. Wiki saba ni nini? Nitashona kwa vidole. Vidole vimeshajifunza." Pumzi ndefu ikamtoka. "Ila usinizimie taa zote mara moja. Hilo tu ndilo ninaloomba. Niachie hata moja mpaka amalize."

Karani hakuandika tena. Alisimama ameshika daftari kifuani, na mambo yakaanza kujipanga yenyewe kichwani mwake. Sindano kumi. Insha za kusomewa. Bilauri mbili zilizovunjika mwezi ule ule, na mama akasema mikono yake imezeeka. Sketi iliyorudishwa na mteja kwa sababu upande mmoja ulishonwa kwa uzi wa kijani, wakacheka wote watatu, na yeye Karani ndiye aliyecheka kuliko wenzake. Msomaji hodari wa madokezo alikuwa ameishi ndani ya kitabu asione hata ukurasa mmoja.

Miguu haikumpeleka chumba cha mbele. Ilimrudisha uani kwa mlango ule ule wa nyuma, ikamzungusha nyumba nzima, ikamwingiza kwa mlango wa mbele akipiga vishindo makusudi.

"Nimerudi, mama."

"Mbona mapema, mwanangu? Umefukuzwa?"

"Walimu wana kikao."

"Afadhali. Jikoni kuna chakula."

Mama aliinua uso, akaugeuzia sauti ilikotoka, akatabasamu. Kwa mara ya kwanza Karani aliona jinsi tabasamu lile lilivyolengwa: pembeni kidogo ya bega lake. Mama alikuwa anaigiza. Na yeye, aliyetoka kunyata kama mwizi nyumbani kwao, naye alikuwa anaigiza. Walikula pamoja na kuzungumzia bei ya vitambaa, kila mmoja akimlinda mwenzake.

Kesho yake alimngoja Mwalimu Ushahidi mlangoni mwa ofisi. Hakumweleza yote. Alimwambia tu kwamba amekuta mtu anayezungumza peke yake, na amesikia jambo asilotakiwa kulisikia.

Mwalimu akavua miwani. "Kwenye tamthilia hadhira inajua siri, lakini inabaki vitini. Raha yote iko hapo, na uchungu pia. Mtazamaji akipanda jukwaani, onyesho limeharibika."

"Nataka kuliharibu, mwalimu."

"Basi usiniombe ruhusa mimi," alisema, kisha kwa upole zaidi, "Insha itangoja."

Jioni ile Karani alipiga moyo konde. Alivuta kigoda karibu na cherehani. "Mama, jana nilikusikia."

Mguu wa mama ukasimama juu ya kanyagio. "Ulisikia nini?"

"Yote. Daktari. Wiki saba."

Mama hakulia wala hakukana. Alikasirika. "Umekuwa ukinichungulia ndani ya nyumba yangu?"

"Sikuchungulia. Nilisikia."

"Ni kitu kimoja. Nilikuwa nasema na cherehani, sikuwa nasema na wewe. Mtu mzima hana haki ya kuwa na neno lake mwenyewe?"

"Unayo."

"Basi lirudishe."

Karani alijua mama amesema kweli. Aliondoka akaenda kwenye kamba, akateremsha sare alizokuwa amezikagua asubuhi, akaziweka mapajani mwa mama yake. "Hizi ni za buluu. Uzi ni mweusi."

Mama alipitisha kidole gumba juu ya mshono, ulionyooka kama rula. "Tatu?" aliuliza, sauti imepungua.

"Nne."

"Nne." Alizikunja moja moja, kwa uangalifu, kona juu ya kona. "Na mtihani wako?"

"Mtihani hauna miguu, hautakimbia. Mimi nitasoma hospitali, nitasoma hapa, popote. Lakini siwezi kusoma huku najua unaomba uachiwe taa moja kwa ajili yangu."

Mama akasema, "Hilo la taa nalo ulilisikia," akajifunika uso kwa sare.

Walikwenda Jumatatu. Daktari wa macho, mwanamke kijana asiye na maneno mengi, alimkemea mama kwa kukawia kama vile yeye ndiye mzazi. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wataanza na la kulia, lililotarajiwa kupata nafuu haraka, kisha la kushoto. Upasuaji wenyewe haukufika nusu saa. Mama alitoka na bandeji na orodha ya makatazo: asiiname, asinyanyue kitu kizito, asishone kwa wiki nne.

Hilo la mwisho lilimuuma kuliko kisu. Mikono yake ilizunguka nyumbani ikitafuta kazi kama kuku waliofungiwa nje. Siku ya tatu alisema, "Nisomee hicho kitabu chako kilichokutia matatani."

Karani akasoma. Mama alikuwa msikilizaji mgumu. Mjumbe alipoingia mara ya pili akihema na habari za vita, alisema, "Huyu mwandishi mvivu. Kila akikwama anamleta mtu aliyekimbia." Mshauri wa malkia alipojinadi kwa uaminifu wake, alisema, "Huyo muuaji," na alikuwa sahihi maonyesho mawili kabla ya siri kufichuka. Lakini ilipofika hotuba ya malkia alinyamaza mpaka mwisho.

"Umeandika kwamba anazungumza peke yake?"

"Ndiyo. Jukwaani hakuna mtu."

"Rudia pale kwenye kiti."

Karani akarudia. Malkia anasema: wewe uliyeniachia kiti hiki, ulikijua kina moto.

"Wewe nani?" mama aliuliza. "Watumishi si amewatoa? Anamwambia mumewe. Tangu alipoanza anamwambia mumewe."

Karani alirudi mwanzo wa hotuba akapita na penseli. Wewe. Kwako. Ungekuwepo. Mara kumi na tatu katika kurasa mbili, na yeye alizipita zote, kwa kuwa aliamua mapema kwamba mtu asiyeonekana jukwaani hayupo. Aliweka kitabu chini. Baba yake alikuwa amefariki yeye akiwa darasa la pili.

"Na wewe, mama? Siku ile ulikuwa unazungumza na nani?"

Mama alifikiri, kichwa kimeegemea mto kama alivyoagizwa. "Siku nyingine na baba yako. Siku nyingine na bobini." Akatabasamu. "Bobini hujibu zaidi."

Walicheka mpaka mama akashika bandeji kwa hofu ya kuidondosha.

Insha ilichelewa wiki mbili. Karani aliomba ruhusa ya kumtaja fundi mmoja cherehani, akakataliwa bila mjadala, kwa hiyo aliandika habari za malkia tu: kwamba mtu aliyeelemewa humtafuta wa kumwambia hata kama ni marehemu, na kwamba mwandishi wa kale hakuwa mvivu pale, bali alikuwa amewahi kusimama nyuma ya ukuta fulani akasikia. Alipata kumi na saba. Mtihani wa mwisho alifanya vizuri, isipokuwa swali la ushairi lililomchanganya kidogo.

Jicho la kulia lilipona likawa safi. Mama aliona vumbi la juu ya kabati na kulalamika siku nzima. La kushoto lilifanyiwa kazi baada ya mtihani. Wakati huo mama alikuwa ameanza mtindo mpya: akiwa na jambo, alilisema mezani wakati wa chakula, kwanza akinung'unika kana kwamba anasema na sahani, kisha akimtazama Karani usoni.

Mchana mmoja alirudi kutoka kliniki, akanawa mikono, akaketi.

"La kushoto halitarudi lote," aliiambia sahani. Halafu akainua macho. "Nimeambiwa leo. Kuna tatizo jingine kwa nyuma, la tangu zamani. Moja litafanya kazi ya mawili."

Karani aliweka kijiko chini. "Tutafanyaje?"

"Tutakula kwanza," mama alisema, akamsogezea bakuli. "Kisha utanisaidia kuhamisha cherehani. Nataka dirisha liwe upande wangu wa kulia."